Masoko ya kazi za mikono Oman: mwongozo kamili kwa aliyehamia kutoka kwetu

Wiki yangu ya pili Maskati nilinunua mkufu. Niliambiwa ni fedha ya zamani, kazi ya Wabedui wa jangwani, na muuzaji wa lile duka la uchochoroni aliapa mara tatu. Siku ya nne shingo yangu ilikuwa na ukanda wa kijani. Niliufunga mkufu kwenye kitambaa nikautia droo ya chini, na kwa miezi mingi sikutaka hata kuugusa, maana uliniuma zaidi ya pesa niliyotoa.

Leo ni mwaka wa saba niko hapa. Nimetoka Tanga kumfuata mume wangu kazini, kama walivyokuja wengi wenu au mnavyojiandaa kuja, kwa kazi, ndoa au masomo. Nikitazama nyuma naona wazi nilipokosea: nilinunua kabla sijamwona fundi hata mmoja akifanya kazi. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo. Mtafute fundi kwanza. Kitu utakipata, tena kizuri, na pamoja nacho utapata watu wa kuwasalimia katika nchi ambayo bado haikujui.

Hatua ya kwanza: hesabu maneno uliyokuja nayo

Mswahili haingii soko la Oman mikono mitupu. Soko lenyewe ni suq, duka ni dukkan, mizani ni mizan, ghali ni ghali, na kitu cha bei nafuu ni rakhis, yaani rahisi yetu. Ubani ni luban, waridi ni ward, zafarani ni zafarani ileile. Hesabu ndiyo itakayokufaa zaidi. Sita, saba na tisa unazo tayari. Kuanzia ishirini hadi tisini unazo zote, ukikaza tu matamshi kidogo. Mia na elfu vilevile. Kilichobaki ni kujifunza wahid, ithnen, thalatha, arbaa, khamsa, thamania na ashara. Jioni moja inatosha.

Jihadhari na mambo matatu. La kwanza ni saa. Mwarabu akikwambia soko linafunguliwa "saa sab'a", anasema saa moja ya asubuhi kwa hesabu yetu. Ukienda saa saba mchana utakuta wanafagia. La pili ni neno fedha: kule fidda ni madini yenyewe, kwa hiyo ukiuliza fedha iko wapi utapelekwa kwa sonara wala hutaonyeshwa benki. La tatu linahusu kofia ya kushonwa wanayovaa wanaume wa Kiomani. Jina lake la kule sitaliandika hapa, kwani kwa Kiswahili ni neno lisilotamkwa mbele ya wakubwa. Utalisikia likitajwa dukani kwa sauti, na mwenye kulitaja hana ubaya wowote. Usishtuke, na wanao waandae mapema. Wewe sema kofia na uonyeshe kichwani; wengi wataelewa.

Wataelewa kwa sababu Kiswahili hapa kina wenyewe. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka visiwani, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa ughaibuni warudi kujenga. Walirudi na lugha yao, na mapishi yao. Kwa hiyo ukiwa sokoni usinong'one Kiswahili chako ukidhani ni siri: mama aliye nyuma yako huenda anakisikia vizuri, na huenda ndiye atakayekuonyesha njia.

Hatua ya pili: tembea Mutrah bila kununua

Anza na soko la Mutrah, kwa kuwa liko Maskati kwenyewe na mabasi ya Mwasalat yanafika karibu kutoka Ruwi. Ukipanda teksi ya barabarani, zile nyeupe zenye ubavu wa rangi ya chungwa, patana nauli kabla hujaketi.

Kwa kawaida maduka hufunguliwa asubuhi hadi karibu saa saba mchana, yakafungwa wakati wa jua kali, yakafunguliwa tena alasiri saa kumi au kumi na moja hadi saa tatu au nne usiku. Ijumaa asubuhi usiende. Utapata milango imefungwa. Wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Mwezi wa Ramadhani saa zote hugeuka, na soko huchangamka usiku baada ya tarawehe.

Utaingilia upande wa bahari, kwenye barabara ya ufukweni. Mbele utakuta shali, sumaku za jokofu, tembo wa shaba, na vijana wanaokuita kwa lugha tano. Vingi ya vitu hivyo vimetoka India, Pakistani na China. Havina ubaya, lakini havikutengenezwa hapa, na mtu asikudanganye. Pita. Ingia ndani, kata kona, fuata harufu ya udi mpaka paa likaribiane na mwanga upungue. Wenyeji huliita soko la giza kwa sababu ya vichochoro hivyo. Huko nyuma ndiko wanakouza wazee wa fedha, na ndiko Waomani wenyewe wanakonunua vitambaa na vyombo vya harusi.

Nenda mara tatu au nne ndani ya miezi miwili, na mara zote usinunue zaidi ya kikombe cha chai. Chukua daftari. Andika kitu, bei uliyotajiwa na duka lilipo. Uliza swali hilihili moja kila mahali: hiki kimetengenezwa wapi, na nani? Mwenye kazi ya kweli hujibu kwa jina la mji: Nizwa, Bahla, Sur, Ibra. Asiye nayo hujibu "Oman, Oman, hundred percent", akakimbilia bei. Ukiwa na majibu ishirini daftarini utaanza kuona wewe mwenyewe wapi pa kurudi.

Hatua ya tatu: fuata siku za soko za mikoani

Maskati ni dirisha tu. Mafundi wako ndani ya nchi, na kila mji una siku yake, kama magulio yetu. Anayehamia ana bahati kuliko mtalii hapa: anaweza kuingoja siku.

Nizwa ni Ijumaa asubuhi. Ni safari ya kilomita kama 160 kutoka Maskati kwa barabara kuu, kwa hiyo toka alfajiri. Mnada wa mifugo huanza mapema na kumalizika kabla watu hawajajiandaa kwa sala ya Ijumaa. Wanunuzi hukaa duara, wauzaji huwazungusha mbuzi katikati wakitaja bei kwa sauti, na anayetaka humshika mbuzi, akamkagua meno na kiwele. Hata kama huna haja ya mbuzi, usikose, kwa sababu siku hiyo watu wa milimani na jangwani hushuka, na baadhi yao huja na vitu: kamba za ngamia, vikapu, fimbo, bunduki kuukuu, vipande vya fedha vilivyofungwa kwenye leso. Ukitoka mnadani uko hatua chache tu na maduka ya fedha na ufinyanzi, chini ya ngome yenye mnara wa duara aliyoijenga Imamu Sultan bin Saif wa Wayaarubi karne ya 17. Kwa mtu wa pwani yetu jina hilo si geni: ukoo huohuo ndio uliowatoa Wareno Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698.

Ibra, mkoa wa Sharqiyah, ni Jumatano asubuhi, na hili ni soko la wanawake. Wauzaji ni kina mama na wateja ni kina mama. Wanaume hukaa mbali. Dada yangu, kama unakwenda mahali pamoja tu katika mwongozo huu, nenda hapa. Utakuta vitambaa, wanja, buhuri zilizochanganywa nyumbani, na miguu ya suruali iliyotariziwa, ile inayoonekana chini ya gauni la Kiomani. Sharqiyah ndiko zilikotoka familia nyingi zilizokwenda Zanzibar na bara. Mara yangu ya kwanza nilimsalimia bibi mmoja kwa Kiarabu changu cha kuvunjika. Akanitazama kuanzia ushungi hadi viatu, akasema, "Mwanangu, wewe umetoka wapi? Sema Kiswahili usijitese." Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba, akavuta kigoda cha plastiki. Sikununua kitu siku ile. Nilijifunza buhuri ipi ya chumba na ipi ya nguo, na nikaambiwa nirudi Jumatano nyingine na nyuzi ninazotaka.

Sinaw ni Alhamisi, soko la Wabedui lenye ngamia, fedha na vyombo vya ngozi. Kisha kuna habta, masoko ya siku chache kabla ya Idi zote mbili, ambapo mji mmoja hupokezana na mwingine tarehe. Watu huja kununua mifugo, halua, nguo za watoto, mikanda na majambia. Waulize majirani habta ya mji wenu ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Jirani akikuambia, mara nyingi atakuambia pia mwende pamoja.

Nenda kati ya Oktoba na Machi ukiweza. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na soko la wazi saa nne asubuhi ni adhabu kwa mtoto mdogo.

Hatua ya nne: jua unachokishika

Fedha. Nimeiweka mbele kwa sababu ndiyo iliyoniumiza. Mapambo ya zamani ya Oman yalitengenezwa sana kwa kuyeyusha sarafu ya Maria Theresa, ile ambayo mababu zetu pwani waliiita reale ya Sham. Sarafu hiyo ina tarehe ya 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mia baadaye, ina uzito wa gramu 28 hivi, na fedha yake ni sehemu 833 kwa elfu. Hapo una kipimo cha kwanza: mtu akikuonyesha kitu "cha miaka mia" chenye muhuri wa 925, yaani sehemu 925 kwa elfu, kipimo cha siku hizi, muhuri na hadithi havikubaliani. Huenda ni fedha nzuri, lakini ni mpya.

Kipimo cha pili ni mgongo. Geuza kila kitu. Mbele hupambwa kwa ajili ya macho. Nyuma husema ukweli. Tafuta pale kitu kinaposuguana: kwenye pete za kuunganishia, kwenye tundu za shanga, ukingoni mwa bangili. Ukiona wekundu au umanjano unachungulia, ni shaba iliyopakwa. Kitu kilichovaliwa kweli miaka mingi huwa kimelika mahali pamoja, palipokuwa pakigusa mwili, na makali yake yamekuwa laini. Kilichochakazwa kwa makusudi huwa cheusi kila mahali sawasawa.

Sumaku ibebe, ila usiiamini peke yake: itakuonyesha chuma, lakini shaba nayo haivutwi. Barafu nayo, kama uko dukani penye kinywaji, ikiwekwa juu ya fedha safi huyeyuka haraka ajabu, maana fedha hupitisha joto kuliko madini mengine yote; ila shaba nyekundu huikaribia sana, kwa hiyo nayo usiiamini peke yake.

Jambia. Kule ni khanjar, liko kwenye nembo ya taifa, na mwaka 2022 ufundi na desturi zake ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Ya mapambo ya kitalii ni rial 15 hadi 30. Ya kweli, yenye ala ya fedha iliyofumwa kwa waya, huanzia rial mia na ushee na kupanda mpaka zaidi ya elfu. Hesabu pete za kwenye mkanda: mara nyingi ni nne, mtindo wa Saidi, yaani wa ukoo wa Sultani, una saba. Kisha uliza mpini ni wa nini. Siku hizi hutumika msandali, mfupa na utomvu wa kiwandani. Ukiambiwa kwa fahari kwamba ni pembe ya kifaru, rudisha mezani na uondoke. Biashara ya pembe hiyo imepigwa marufuku kimataifa, na sisi tunaotoka nchi za vifaru tunajua walivyoisha. Pia ni kesi nzito ukikamatwa nayo uwanja wa ndege nyumbani.

Kaa umtazame fundi akifanya ala. Mzee mmoja Nizwa aliniruhusu nikae saa nzima. Alikuwa na waya wa fedha mwembamba kama uzi wa kushonea, ameusokota mara mbili, anaukunja kwa koleo ndogo mpaka unakuwa kama jicho, anauweka kwenye bamba, halafu mwingine, halafu mwingine, bila kupima. Baada ya safu ya kumi na mbili akapuliza, akanyanyua bamba kwenye mwanga, akaling'oa jicho la saba akalikunja upya. Mimi sikuwa nimeona kasoro yoyote. Tangu siku hiyo nikitajiwa bei ya kazi ya waya najua nalipia nini.

Ufinyanzi. Mji wake ni Bahla, mwendo wa nusu saa hivi kutoka Nizwa, kwenye ngome kubwa ya udongo iliyo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1987. Wafinyanzi wako nyuma ya soko la zamani, na mlango ukiwa wazi unaweza kuchungulia ukapiga hodi. Vitu viwili ndivyo vya kuchukua. Kimoja ni jahla, mtungi usiopakwa rangi unaoning'inizwa kivulini ili maji yapoe kwa kuvuja jasho, sawasawa na mtungi wa bibi. Cha pili ni chetezo. Vyetezo vyenye rangi za dhahabu na kijani utakavyoona Mutrah vingi ni vya kutoka nje. Cha Bahla ni cha udongo mtupu, chekundu au cha kahawia hafifu. Ndani utaona mistari ya vidole vya mfinyanzi gurudumu lilipokuwa likizunguka. Kigonge kwa ukucha: kizima hulia, chenye ufa huguna. Bei yake rial moja hadi tatu. Ukifika nyumbani tia mchanga au majivu chini kabla ya kuweka kaa la moto, kisije kikapasuka mara ya kwanza.

Ubani. Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa watu wetu hununua vibaya. Mti wake huota Dhofar, kusini, karibu kilomita elfu kutoka Maskati, na bora zaidi ni kununua Salalah kwenyewe, ambako kuna maduka ya wanawake wanaouza ubani na buhuri tu. Mvunaji hukwangua gome kwa kisu kiitwacho mangaf, utomvu mweupe ukatoka kama maziwa, akauacha siku nyingi ugande. Wa mkwanguo wa kwanza hauthaminiwi. Unaofuata ndio unaouzwa kwa daraja: hojari, wa milima mikavu ya ndani, ndio ghali, najdi, wa nyanda zilizo nyuma ya milima, na shaabi, wa pwani, ndio wa chini.

Chukua punje uishike mbele ya taa. Hojari nzuri huonekana kama barafu yenye kijani hafifu, mwanga unapita. Ukiiponda kwa jino ina harufu ya ndimu. Kataa mfuko wenye vumbi na maganda ya mti, na kataa kununua uliofungwa usioweza kuunusa. Omba wauchome mbele yako. Muuzaji mwema atawasha kabla hujaomba. Ila tazama kaa lenyewe: yale makaa ya duara yanayoshika kwa kiberiti yana harufu yake mbaya mwanzoni, na yanaweza kuuonea ubani mzuri. Ngoja mpaka yafunikwe na majivu meupe.

Nguo za kufuma. Mazulia ya sufu na manyoya ya mbuzi, mekundu na meusi, utayapata kwa Wabedui na kwa watu wa Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman. Vuta nyuzi moja ya pindo, omba ruhusa, uichome: sufu hunuka nywele zilizoungua na hubaki majivu, nailoni huyeyuka ikawa donge gumu.

Ukili. Aliyesuka ukili utotoni atafurahi hapa. Wanatumia makuti ya mtende, sisi mkindu, lakini mkono ni uleule. Tafuta vikapu vya Wabedui vyenye kitako cha ngozi ya mbuzi. Kagua mshono unaounganisha ngozi na ukili. Hapo ndipo huanzia kuoza.

Kofia. Geuza ndani nje. Ya mashine ina nyuzi zilizonyooka kabisa na uzi wa chini umejaa. Ya mkono ina vitobo vidogovidogo vilivyotobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, na havilingani kabisa, kama viua vya kofia zetu za Lamu na Unguja; kazi hizi mbili ni ndugu. Moja huchukua mwezi na zaidi. Ya mashine ni rial chache. Ya mkono nimeandika daftarini kuanzia 30 hadi zaidi ya 100. Nzuri kabisa hazifiki dukani. Hushonwa majumbani na kuagizwa kwa maneno ya mdomo, kwa hiyo waulize kina mama msikitini au kazini.

Makasha yenye njumu za shaba, yanayoitwa mandus, yapo mengi, na mengi ni mapya kutoka India. Fungua, nusa ndani, tazama kama misumari imegeuka skrubu. Basi.

Hatua ya tano: bei

Rial moja ina baisa 1000 na ni takriban dola 2.6 za Marekani, kwa hiyo tarakimu ndogo zisikudanganye; anayetoka Tanzania au Kenya huona "12" akadhani ni kitu kidogo. Badilisha kichwani kila mara, angalau mwaka wa kwanza.

Mutrah kuna kupatana, na kupunguziwa sehemu ya kumi mpaka robo ni jambo la kawaida. Nizwa hupunguza kidogo zaidi ya hapo mwanzoni mwa mazungumzo, kisha hukaza. Kwa bibi aliyekaa chini na kazi yake mwenyewe, tafadhali usivute kamba. Lipa alichosema, au omba akupe kidogo zaidi, nusu kibaba cha buhuri juu, naye ataongeza kwa furaha.

Kwa fedha, uliza bei mbili: ya uzito na ya kazi. Omba iwekwe kwenye mizani. Bei ya fedha ya siku hiyo unayo kwenye simu. Tofauti inayobaki ni mkono wa fundi, na hapo ndipo mnapozungumza kama watu wanaoheshimiana. Neno la kumalizia ni "aakhir kam?", yaani mwisho ngapi. Liseme mara moja tu, na ukiisha kulisema na ukapewa bei, ama nunua ama aga vizuri. Kumrudisha mtu nyuma baada ya neno la mwisho wanaliona ni utovu wa adabu, na wana haki.

Noti ndogondogo ziwe mfukoni. Maduka mengi ya mjini hupokea kadi, lakini bibi wa Ibra hana mashine.

Hatua ya sita: adabu za kukaa

Salamu kwanza, kamili, kabla ya kugusa kitu. Mzee wa kiume mwite al-walid, mama mtu mzima al-walida, wa rika lako ukhti au khuy. Ukihisi ana Uswahili, sabalkheri itakubalika pande zote mbili.

Ukipewa kahawa na tende, keti unywe. Pokea kwa mkono wa kulia. Kikombe kitajazwa tena na tena mpaka utakapokitikisa kidogo kushoto na kulia. Ndiyo ishara ya kutosheka. Kahawa haikulazimishi kununua. Nimekunywa kahawa za watu kumi kabla ya kununua kitu kimoja, na hakuna aliyeninunia.

Funika mabega na magoti, mwanamume na mwanamke. Usimpige mwanamke picha bila kuulizwa akakubali, na soko la Ibra kamera ibaki mkobani kabisa. Mtoto usimwache ashike majambia, ni makali.

Hatua ya saba: kupeleka nyumbani

Jambia liende kwenye sanduku la kuingizwa chini ya ndege, kamwe lisikae kwenye begi la mkononi. Weka risiti juu yake. Vyetezo na mitungi jaza nguo ndani kabla ya kuvifunga nje; kinachovunja chungu ni uwazi wa tumboni. Ubani tia kwenye mfuko unaofungwa vizuri, la sivyo nguo zote za mama zitafika Tanga zinanukia msikiti. Gamba la kasa, matumbawe na pembe za ndovu usichukue hata ukipewa bure. Na kitu kinachosemekana ni cha kale kweli, mlango wa zamani, hati, sarafu nyingi, uliza kwanza wizara inayohusika na urithi, kwa kuwa sheria ya Oman inalinda mambo ya kale yasitoke nchini hivihivi.

Hatua ya nane: rudi na kilichoharibika

Kwa fundi, kitu kinachorudi kutengenezwa ni salamu. Peleka bangili iliyokatika kiungo, kikapu kilichotoka ngozi, kofia iliyofumuka. Gharama yake ni ndogo na utakaa kwenye benchi lake kama mteja wa nyumbani.

Mwaka wa pili nilijikaza nikautoa ule mkufu droo ya chini, nikaupeleka Nizwa kwa yule mzee wa waya. Nilimweleza yote. Hakuniuliza nilinunua wapi. Alikata uzi, akamimina shanga kwenye sahani ya bati, akaanza kuzigonga moja moja kwa ncha ya koleo, akisikiliza, zingine akizisukuma kushoto. Zilikuwa ishirini na sita. Alipomaliza, upande wa kulia zilibaki tatu, ndogo, zimelika tunduni. "Hizi ni za mtu," akasema. Akazisafisha kwa majivu na ndimu, akazitunga kwenye uzi mweusi wa pamba, akanitoza rial mbili. Ninazivaa leo ninapoandika.